Kila Bati Lina Sheria Yake ya Kupinda

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Pumwani, Nairobi)



Sisi wa reli tumeombwa tuzungumze juu ya kazi ya bati: kwa nini bati hupinda na kubaki limepinda, kwa nini bati jingine hupasuka, na namna gani mtu aweza kuyajua hayo kwa hesabu kabla hajainua nyundo. Hasa tumeombwa tueleze habari za madini mepesi yaitwayo magnesiamu, kwa kuwa vipande vyake huja pamoja na vyuma chakavu, na watu wengi huvidhania kuwa ni alumini. Kosa hilo laweza kumharibia mtu kazi, na laweza pia kumuunguza.

Hatukuja kumfundisha fundi wa Kamukunji namna ya kushika nyundo. Nyundo ni yake. Tumekuja kuunganisha maarifa mawili ambayo kwa muda mrefu yamekaa mbalimbali: maarifa ya mkono na maarifa ya kitabu.

Hapa Pumwani hakuna asiyeujua mlio wa bati. Mji huu ulianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920, na jirani zetu wa Shauri Moyo, Gikomba na Kamukunji ni mafundi wanaochukua pipa la mafuta, wakalipasua kwa tindo, wakalinyoosha, likawa jiko, karai au sanduku la mwanafunzi. Mwaka 1972 Shirika la Kazi la Dunia lilitoa taarifa kubwa juu ya kazi katika Kenya, nayo ilisema wazi kwamba kazi hizi ndogo ndogo za mikono ni kazi kamili, zina faida, na zafaa kusaidiwa. Mwaka 1985 Rais Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, na baadaye wakajengewa vibanda vya kuwakinga na jua. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 lilitokea jiko lile lenye udongo ndani na kiuno katikati, na mafundi wa bati wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa walioufanya mwili wake wa bati. Kiuno kile si pambo. Ndicho kinachoshika udongo usianguke. Na kukifanya kiuno hicho kwa bati la pipa, bila kupasua, ni elimu.

Sasa tuitazame elimu hiyo kwa ndani.

Chukua utepe wa bati la chuma, upinde kidogo, uachilie. Utarudi ulivyokuwa. Upinde zaidi, na sasa utabaki umepinda, lakini si wote: utarudi kidogo. Kila fundi anajua jambo hili, ndiyo maana akitaka pembe ya mraba hupinda kupita mraba, ili bati likirudi liangukie pale anapotaka. Basi bati lina tabia mbili. Ya kwanza ni kurudi. Ya pili ni kushika umbo. Kazi yetu yote ya bati imo katika tabia hii ya pili, na hasara nyingi hutokea kwa kutojua mpaka wake uko wapi.

Kwa nini bati hushika umbo? Ndani ya chuma mna punje ndogo ndogo, na ndani ya kila punje chembe zimepangwa kwa safu, safu juu ya safu, kama matofali yaliyopangwa vizuri. Unapopiga nyundo, safu huteleza moja juu ya nyingine, kisha hukaa pale zilipofika. Lakini haziendi zote kwa mara moja. Sisi wa reli tunao mfano wake. Treni refu la mizigo lenye minyororo iliyolegea halianzi kwenda lote pamoja. Behewa la kwanza huvutwa, mnyororo ukakaza, likafuata la pili, kisha la tatu, mpaka la mwisho. Kama mabehewa yote yangetakiwa kuanza kwa wakati mmoja, injini ingeshindwa. Chembe za chuma nazo husogea hivyo, mstari baada ya mstari. Wataalamu watatu, Taylor, Orowan na Polanyi, kila mmoja kwa kazi yake, walilieleza jambo hili katika mwaka mmoja, 1934. Wafua chuma walikuwa wakilitumia kwa maelfu ya miaka kabla ya hapo.

Ukizidi kulipiga bati, mistari hiyo huzongana yenyewe kwa yenyewe, kama mabehewa yaliyosongamana katika yadi. Ndipo bati huwa gumu, na ukiendelea hukatika. Mnajua wote kwamba waya ukipindwa huku na huku hukatika. Na mnajua dawa: kuutia motoni na kuuacha upoe polepole, ukawa laini tena. Moto huifungua yadi.

Hapo ndipo tofauti ya madini inapoanzia. Katika alumini na shaba, safu zaweza kuteleza kwa njia 12. Chuma nacho kina njia nyingi. Yadi yenye njia nyingi haisongamani upesi. Behewa likizuiwa huku, hupitishwa kule. Lakini magnesiamu ikiwa baridi ina njia 3 tu zilizo rahisi, na hizo zote zimelala juu ya uso mmoja. Fikirini karata zilizowekwa mezani. Karata huteleza vizuri moja juu ya nyingine, huku na kule, lakini hakuna nguvu ya mkono itakayoifanya karata yenyewe iwe nyembamba.

Tena magnesiamu inapopitishwa kati ya magurudumu ya mashine ili iwe bati, punje zake hulala. Karibu zote huelekeza karata zao sawasawa na uso wa bati. Ukilivuta bati hilo, lataka kuwa jembamba, na karata hazikubali. Ukilisukuma kwa ukingo, jambo jingine hutokea: punje hujipindua ghafla, karibu robo ya duara, na bati hukubali upesi. Kwa sababu hiyo bati hili baridi huhitaji nguvu nyingi kulivuta, na karibu nusu tu ya nguvu hiyo kulisukuma mpaka lianze kubadilika. Bati la chuma halina ubaguzi huo. Nguvu zake za kuvutwa na za kusukumwa ni karibu sawa.

Ndugu, pengine mtu atauliza, hayo yanamhusu nini mtu mwenye koleo na mkasi wa bati? Yanamhusu sana. Tufanye hesabu pamoja, na wenye kalamu waandike.

Bati likipindwa, ngozi yake ya nje huvutwa na ngozi ya ndani husukumwa. Kutaka kujua ngozi ya nje imevutwa kiasi gani, chukua unene wa bati. Kisha chukua nusu kipenyo cha mviringo wa ndani wa pindo, uzidishe mara mbili, ujumlishe na ule unene. Gawanya unene kwa jumla hiyo. Basi bati la milimita 1 ukilipinda juu ya pindo lenye nusu kipenyo cha milimita 1, utapata 1 kwa 3. Ngozi ya nje imevutwa sehemu 33 katika kila 100. Bati laini la chuma mara nyingi litavumilia. Bati hilo hilo ukilipinda juu ya nondo yenye nusu kipenyo cha milimita 5, utapata 1 kwa 11, yaani sehemu 9 katika 100.

Sasa bati la magnesiamu, likivutwa baridi, kwa kawaida hukatika likifika karibu sehemu 20 katika 100 au kabla yake. Basi pindo la kwanza litalipasua, hata kama fundi ni hodari namna gani. Pindo la pili laweza kupita, kwa bati lililolainishwa. Ndiyo sababu kanuni ya kazi hii husema nusu kipenyo cha pindo baridi kisipungue mara tano ya unene, na bati gumu hutaka zaidi ya hapo.

Liko na jambo la pili. Kati ya ngozi ya nje inayovutwa na ya ndani inayosukumwa, upo mstari ambao haurefuki wala haufupiki. Huo ndio mstari wa kupimia unapokata kipande. Katika chuma, mstari huo husogea kidogo upande wa ndani wa pindo, na vipimo vyetu vya kukatia vimezoea hivyo. Katika magnesiamu baridi husogea upande wa nje, kwa sababu upande wa ndani hukubali kusukumwa kwa urahisi. Maana yake ni nini? Ukikata magnesiamu kwa kipimo cha chuma, kipande kitatoka kifupi. Mkono ni ule ule, rula ni ile ile, lakini kazi imeharibika, kwa kuwa sheria iliyotumika ni ya bati jingine.

Hii ndiyo kazi wanayoifanya wataalamu wanaposema wanatengeneza mfano wa hesabu wa bati. Huandika tabia ya bati kwa tarakimu, wakaipa mashine ya kompyuta, nayo ikaligawa bati katika vipande vidogo maelfu na kukadiria kila kipande kitavutwa kiasi gani, wapi litakunjamana, wapi litapasuka. Njia hii ina historia ndefu. Mwaka 1864 Tresca wa Ufaransa alionyesha chuma huanza kushika umbo kwa kipimo gani cha nguvu. Mwaka 1913 von Mises aliandika kanuni nyingine ambayo hutumika mpaka leo kwa chuma. Mwaka 1948 Hill wa Uingereza aliongeza kwamba bati lililopita katika magurudumu halina nguvu sawa pande zote. Lakini kanuni hizo zote zilichukulia kwamba kuvuta na kusukuma ni sawa. Kwa magnesiamu zilitoa majibu ya uongo. Mwaka 2006 Cazacu, Plunkett na Barlat walitoa kanuni inayotenga kuvuta na kusukuma, kwa ajili ya madini ya namna hii. Angalieni basi: hata wenye vyuo vikuu, walipotumia sheria ya chuma juu ya magnesiamu, walipotea. Si aibu fundi kujifunza upya.

Watu wataka nini kwa madini yenye taabu hivi? Wataka wepesi. Debe la lita 20 likijazwa chuma kitupu lingekuwa na uzito wa kilo 157. Likijazwa alumini, kilo 54. Likijazwa magnesiamu, kilo 35 tu. Gari jepesi hula mafuta kidogo. Kwa hiyo magnesiamu hutumika katika fremu za usukani, katika maganda ya giaboksi, katika miili ya misumeno ya injini na ya kompyuta za kubebwa. Nyingi ya hizi humiminwa katika kalibu, nazo huvunjika upesi kuliko bati zikipindwa. Bati lenyewe bado ni adimu. Wala si jambo jipya kabisa kwetu: injini ya Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, iliyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1953 na 1954, ilikuwa na ganda la aloi ya magnesiamu.

Dawa ya kulipinda bati hili ni moto wa kiasi. Likipashwa digrii 200 mpaka 300 za Selsiasi, njia nyingine ndani ya punje hufunguka, na bati lile lililopasuka hukubali kuvutwa na kukunjwa vizuri. Wazee walisema samaki mkunje angali mbichi. Bati hili mkunje lingali moto. Lakini hapa jicho la mfua chuma halisaidii. Tumezoea kusoma rangi: chuma kikiwa chekundu tunajua kimeiva. Magnesiamu katika digrii 300 haina rangi yoyote, na katika digrii 650 huyeyuka. Moto wa makaa ukivuviwa hupita kipimo hicho kwa urahisi. Kwa hiyo kazi hii hufanywa kwa tanuri au vibamba vya moto vyenye kipima joto. Asiye na kipima joto asiifanye.

Na hapa tunafika penye hatari. Pande kubwa la magnesiamu haliwaki upesi. Lakini unga wake, chengachenga za keekee na za msumeno, na vipande vyembamba, vyaweza kushika moto kwa cheche tu. Ukiwaka, moto huo hufika karibu digrii 3,000, na mwanga wake mweupe huumiza macho. Ukiumwagia maji huzidi, kwa sababu magnesiamu hunyang'anya maji hewa yake ya oksijeni na kuacha haidrojeni, ambayo nayo huwaka na kulipuka. Mtungi wa hewa ya kaboni hauuzimi. Tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya magari ya Le Mans, Ufaransa, gari la Mercedes ambalo mwili wake ulikuwa wa aloi ya magnesiamu liliruka penye watazamaji na kuwaka. Watu zaidi ya 80 walikufa, wengi kwa vipande vilivyowapiga, na wazima moto walipomwaga maji moto ulipamba zaidi.

Basi tushike mambo haya manne.

Kwanza, tambua kabla ya kukata. Kipande cheupe kilicho chepesi kupita alumini kitilie shaka. Kikwangue mpaka king'ae, kitone tone la siki. Magnesiamu itatoa povu la vipovu papo hapo. Alumini itakaa kimya. Siki ni ya bei nafuu na hupatikana kwa urahisi.

Pili, ikiwa ni magnesiamu, usiisage kwa gurudumu linalosaga chuma, maana cheche za chuma zitaiwasha vumbi. Usiitupe katika moto wa kuyeyushia alumini. Fagia vumbi lake kila siku, usiliache likae penye unyevu.

Tatu, ikiwaka, usilete maji. Kama upo unga maalum wa kuzimia moto wa madini, ufunikie huo. Kama haupo, mchanga mkavu kabisa, umwagwe polepole kutoka mbali, watu waondolewe, na zimamoto waelezwe wazi kwamba kinachowaka ni magnesiamu. Mchanga wenye unyevu ni sawa na maji.

Nne, fanya hesabu ya pindo kabla ya kupinda, uiandike. Jambo hili la nne ndilo la chama hasa.

Ndugu wafanyakazi, katika kazi nyingi kipande kikipasuka huambiwa ni uzembe wa fundi, na thamani yake ikatolewa katika malipo yake. Fundi asiye na hesabu hana la kujibu ila kuapa. Lakini aliyeandika unene wa bati, nusu kipenyo cha pindo alilopewa, na joto alilopewa, aweza kuonyesha kwamba pindo lile lilidai sehemu 33 katika 100 kwa bati lisiloweza kufika 20. Hapo ufa si wake. Ufa ni wa aliyechora kazi, au wa aliyenunua bati bila kuuliza, au wa aliyekataa kununua kipima joto. Tarakimu hazimwogopi msimamizi, wala hazimwonei haya.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwenye mahali pa kazi awape wafanyakazi habari, mafundisho na usimamizi wa kuwalinda. Mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, anapaswa kumwarifu msimamizi wake, na hatari ikiendelea haruhusiwi mtu kumlazimisha arudi pale mpaka iondolewe. Vipande vyenye magnesiamu vikiletwa bila kutajwa, habari haikutolewa. Tuulize, na tuulize kwa maandishi.

Tena twawasihi vijana wa Kamukunji na Gikomba: nendeni mkafanye mtihani wa kazi wa NITA, wenye madaraja ya tatu, ya pili na ya kwanza. Wako mafundi wenye miaka ishirini ya nyundo wasio na hata karatasi moja, na anayekuja na karatasi huwapita katika mshahara. Mkono wenu unazijua sheria za bati. Yafaa zijulikane pia kwa wino.

Chama kichukue hatua tatu ndogo: kiwe na chupa ya siki na maelezo ya ukutani katika kila kibanda kitakachokubali, kianzishe darasa la jioni la hesabu ya pindo, la saa moja kwa juma, na kila mwakilishi wa kazini awe na daftari la kuandika kila kipande kilichopasuka, bati gani, unene gani, pindo gani. Baada ya miezi michache daftari hilo litatufundisha mengi, nalo litakaa mezani pamoja nasi tutakapokwenda kuzungumza na wenye kazi.

Maswali yapo, na mwenye kipande cha shaka alichokuja nacho akilete mbele hapa. Siki tunayo.